Shajara ya mradi wa mate: tulifuata ngozi tukakutana na fizi

Wiki ya 1

Naandika huku kwa sababu daftari la maabara halina sehemu ya kulalamika.

Mradi wenyewe uko hivi. Tunachukua watu wenye soriasisi, yaani ile ya mabaka mazito yenye magamba meupe yanayobanduka, viwiko, magoti, kichwani, mgongoni chini (wengine wanaiita pumu ya ngozi ila pumu ya ngozi hasa ni ekzema, ndugu wawili wasiofanana). Tunataka kujua kama mate yao yanaweza kutuambia ugonjwa unapanda au unashuka bila kumdunga mtu sindano kila mara. Soriasisi haiko tuli, inalala inaamka, leo kiwiko kimetulia kesho kutwa kimewaka, na damu huwezi kumtoa mtu kila siku asubuhi atakukimbia. Mate anatema mwenyewe nyumbani, anaweka kwenye friza, basi.

Na mimi ninayo, miaka mingi sasa, viwiko vyote viwili na ka-sehemu nyuma ya sikio. Kwa hiyo nimejitolea kuwa sampuli namba 00, ya majaribio tu, haiingii kwenye hesabu.

Kinachotupa moyo ni kwamba ugonjwa huu haukai kwenye ngozi tu. Ni kinga ya mwili imewaka: IL-23 inachochea seli T (askari wa kinga), seli T zinamwaga IL-17, TNF nayo iko hapohapo inaongeza moto (zote tatu ni saitokini, protini ndogo ambazo seli za kinga zinatumiana kama ujumbe), na ngozi ambayo kawaida inachukua kama mwezi kuzaliwa chini mpaka kubanduka juu inaanza kumaliza safari hiyo kwa siku chache. Ndo maana ya magamba. Sasa kama moto uko kwenye damu, na mate yanatokana na damu, tukasema lazima moshi utaonekana mdomoni.

(Nyongeza, wiki ya 9: hiyo sentensi ya mwisho nimeiacha makusudi ili nijicheke.)

Wiki ya 2

Wiki nzima tumebishana namna ya kutema mate. Sitanii.

Njia ziko nyingi, kuna pamba ya kutafuna, kuna kijiti cha sponji chini ya ulimi, kuna kutema tu. Pamba ni rahisi kwa mtu ila inang'ang'ania baadhi ya vitu na kuna homoni zinasomeka ovyo kwa sababu yake, tukaitupa. Tumechukua ile ya kuachia mate yadondoke: unakaa, unainamisha kichwa mbele, unaacha mate yajikusanye chini ya ulimi, halafu unayasukuma taratibu kupitia kamrija kafupi yaingie kwenye tyubu ya mililita 2. Usitafune kitu, usikohoe, usivute kutoka kooni. Povu halihesabiki, hapo ndo watu wanashangaa, wanakuletea tyubu imejaa mpaka juu ukiitazama nusu yake ni povu.

Masharti mengine: saa nzima kabla usile, usinywe chochote zaidi ya maji, usivute sigara, na usipige mswaki. La mswaki limeleta kelele, maana mtu anaona aibu kuleta mate ya asubuhi kabla hajasafisha kinywa. Lakini mswaki unachubua fizi, fizi zinatoa damu kidogo hata kama hujaiona, na damu ina kila kitu kwa wingi kuliko mate, tone moja tu linaharibu hesabu.

Pia tunapima kasi. Tyubu inapimwa uzito ikiwa tupu, mtu anadondosha kwa dakika 5 tukitazama saa, tunapima tena, gramu moja tunaihesabu mililita moja. Bosi aliona ni kazi ya ziada isiyo na maana nikamwomba tuiache angalau mwezi mmoja.

Wiki ya 3

Washiriki wa kwanza wamekuja. Daktari wa ngozi anawapima kwa PASI, ambayo kwa asiyeijua ni hivi: mwili unagawanywa sehemu 4, kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu, kila sehemu unaangalia wekundu, unene na magamba, kila kimoja 0 mpaka 4, halafu eneo lililoathirika 0 mpaka 6, unazidisha na uzito wa sehemu, jumla ya juu kabisa ni 72. Kipimo cha mwaka 1978 hicho na bado ndo mfalme.

Shida yake ni neno "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi baka la soriasisi haliwi jekundu, linakuwa la zambarau, au kahawia iliyokolea, au kijivu kabisa. Daktari mmoja akampa mshiriki 1 mwingine akampa 3, mtu yuleyule, chumba kilekile, tofauti ya dakika kumi. Sasa tunataka mate yalingane na PASI wakati PASI yenyewe haijilingani? Tumekubaliana wapimaji wawili kila mtu, hawaoneshani, na picha chini ya taa ileile. Unene na magamba walikubaliana vizuri, tatizo ni rangi tu.

Wiki ya 4

Elaiza ya kwanza! (Ni kipimo kinachotumia kingamwili kukamata kitu unachokitafuta, kikiwa kingi rangi ya kisima inakolea.) Sahani ya visima 96, tumeanza na IL-1 beta, saitokini nyingine ya kuwasha moto, na IL-17.

Kwanza mate yenyewe. Ukiyayeyusha kutoka friza ya nyuzi hasi 80 yanakuwa na utelezi, nyuzinyuzi kama ute wa yai, hiyo ni musini. Unazungusha kwenye sentrifyuji dakika 15, ute unashuka chini, unachukua maji ya juu tu. Faida ya kugandisha ni hiyo pia, musini inakatikakatika na kutuama vizuri. Ukiharakisha pipeti inavuta uzi mmoja mrefu na kisima kile umeshakipoteza, nimepoteza viwili.

IL-17 karibu yote iko chini ya mstari wa kusomeka. Kimya. Wenye soriasisi kimya, wasio nayo kimya. Ilikuwa huzuni maana hiyo ndo saitokini yenyewe, ndo dawa kali za siku hizi zinaiwinda.

Lakini IL-1 beta, jamani! Visima vimekolea njano mpaka vingine tumelazimika kupunguza makali na kurudia. Na wenye soriasisi kwa wastani wako juu kuliko wasio nayo. Sampuli yangu ya 00 ilikuwa ya tatu kutoka juu. Bosi alisimama nyuma yangu akitazama grafu akasema "hii inaweza kuwa karatasi", akimaanisha ya kuchapisha. Tukanunuliana soda.

Wiki ya 5

Nikajaribu kulinganisha IL-1 beta na PASI. Hakuna kitu. Yaani wingu la nukta. Mwenye PASI ndogo kabisa ana IL-1 beta kubwa, mama mmoja aliyefunikwa na mabaka mgongo mzima ana IL-1 beta ya chini kama ya mtu mzima wa afya.

Nimeshinda siku mbili natafuta kosa kwenye Excel. Sijaliona.

Wiki ya 6

Hii inastahili kuandikwa kwa urefu maana nimejifunza na nimeaibika kwa pamoja.

Tulikuwa tunapima kotisoli, homoni ya msongo, pia, maana watu wengi wenye soriasisi wanasema wakipata msongo tu ngozi inaamka. Kotisoli kwenye mate inapendwa kwa sababu ni ile iliyo huru, haijashikwa na protini ya damu, na ina mwendo wake wa siku: inapanda, kilele kama dakika 30 mpaka 45 baada ya kuamka, halafu inashuka mchana kutwa mpaka usiku wa manane iko chini kabisa. Kwa hiyo saa ya kuchukua ni kila kitu, mtu akiandika "asubuhi" bila saa sampuli hiyo haikusaidii.

Elaiza ya kotisoli inaenda kinyume, homoni ya mtu inagombania nafasi na ile ya kiwandani yenye rangi, kwa hiyo kotisoli nyingi rangi inafifia. Basi natazama sahani, visima vyote vina njano zake za viwango mbalimbali, halafu kuna viwili pembeni pembeni, vya kaka mmoja, vyeupee kama maji ya bomba. Mashine ikasema kotisoli imezidi mstari wa juu. Sampuli ya jioni! Ingekuwa kweli huyo mtu angekuwa hospitali, siyo nyumbani anatema mate kwenye tyubu.

Tukarudia, vilevile. Nikaogopa kidogo, nikasema tumwite daktari. Dada fundi sanifu wetu, ambaye ameanza kazi hizi kabla mimi sijamaliza shule, akauliza swali moja tu: "Anapaka nini?"

Nikampigia. Shikamoo, habari za nyumbani, samahani kwa usumbufu, hivi jioni ile kabla ya kutoa mate ulipaka dawa? Akasema ndiyo, napaka kila jioni, haidrokotisoni, ya usoni, halafu ndo nikakaa kutoa mate. Ulinawa mikono? Kimya. "Nilijipangusa."

Haidrokotisoni NDIYO kotisoli. Ni kitu kimoja, jina tu la duka la dawa. Kidole chenye krimu kikishika kamrija kale, kiasi kisichoonekana kwa macho ni kingi mara nyingi kuliko kile kilichomo mate yote. Na sisi mradi wetu ni wa wagonjwa wa NGOZI, watu ambao kupaka krimu ni sehemu ya maisha, na kwenye karatasi ya maelekezo tumeandika usile, usinywe, usivute, usipige mswaki, hakuna mstari hata mmoja wa krimu. Mimi ndo niliyeandika karatasi ile. Mimi ninayepaka kila siku.

Sasa kuna mstari, na uko juu kabisa: nawa mikono kwa sabuni, usipake kitu chochote usoni wala mikononi kabla ya kutoa, mrija ushike kwa chini. Na tunauliza kila mtu dawa zote anazotumia, kwa majina. Wanaomeza predinisoloni (steroidi ya vidonge, ndugu wa kotisoli) tumewatoa kwenye kotisoli kabisa kwa sababu kingamwili za elaiza zinaichanganya na kotisoli. Krimu kali nazo zina jambo lake, haziwezi kuonekana kwenye kipimo lakini zikipakwa eneo kubwa muda mrefu zinapenya na kuizoesha tezi ya juu ya figo kutotengeneza kotisoli yake, hapo unaona namba ya chini ukadhani mtu hana msongo, kumbe tezi imelazwa.

Jambo la pili limetokea wiki hiihii, kwa ufupi. Ile kazi ya kupima uzito wa tyubu imejilipa. Washiriki kadhaa mate yao yanadondoka kidogo mno, chini ya mililita 0.1 kwa dakika, ambayo ndo mpaka wa kinywa kikavu. Wengi wao wanameza dawa za muwasho za kizamani, zile za kusinzisha, ambazo zinakausha mdomo. Mate yakiwa machache vitu vilivyomo vinakolea, kingamwili za IgA kwa mfano zinapanda tu kwa sababu maji yamepungua. Bosi alikuja akaomba msamaha kwa mzani, siyo kwangu.

Wiki ya 7

Nimerudi kwenye lile wingu la nukta.

Dada fundi (yeye tena) akaniambia toa tyubu zote za mwanzo ziweke mezani kwenye karatasi nyeupe. Nikazipanga. Ukitazama harakaharaka zote ni mate. Ukitulia, kuna zenye kivuli cha waridi. Kidogo sana, kama mtu ameosha brashi ya rangi kwenye maji mara ya tatu. Nikazipanga upya kutoka isiyo na rangi mpaka yenye rangi, halafu nikaandika IL-1 beta ya kila moja kwa penseli chini yake.

Zilipanda kwa mpangilio. Siyo zote, lakini ungeona kwa macho bila kompyuta.

Tukapima transferini, protini ya damu ambayo kwenye mate safi ni kidogo mno, wanaitumia kujua kama damu imeingia. Zile za waridi ziko juu, na hata chache ambazo macho yangu yalisema ni safi nazo ziko juu. Kwa hiyo IL-1 beta tuliyoishangilia na soda ilikuwa inatueleza habari za fizi. Fizi zikiwaka zinatengeneza IL-1 beta hapohapo, mlango kwa mlango na mate, haina haja ya kusafiri kutoka kwenye goti. Sasa mtu ana kiwiko chenye baka na fizi inayotoka damu, unategemea mdomo uanze kusimulia habari za wapi?

Wiki ya 8

Kikao kirefu. Hoja ya bosi: rahisi, tuwatoe wote wenye fizi mbovu, tubaki na vinywa safi.

Mimi nimepinga na nimepinga kwa sauti, nadhani kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa cheo changu. Wenye soriasisi wana matatizo ya fizi zaidi ya watu wengine, hilo limeonekana tafiti nyingi, na siyo kwamba hawapigi mswaki. Kinga inayowaka kwenye ngozi na inayowaka kwenye fizi zinatumia kuni zinazofanana, IL-17 iko kotekote. Kuna hata ile soriasisi ya vitone inayozuka wiki mbili tatu baada ya koo kuuma kwa bakteria za streptokoki, yaani mdomo na koo vimeshajulikana kuiwasha ngozi. Ukimtoa kila mwenye fizi mbovu utabaki na wagonjwa wa soriasisi wasiofanana na wagonjwa wa soriasisi. Utapata grafu nzuri ya watu ambao hawapo kliniki.

Na ukiwaacha bila kuwapima ndo hilo tumeshaliona.

Kwa hiyo tumeamua tuwapime fizi wote na tuongeze kundi la tatu: watu wenye fizi mbovu lakini ngozi safi. Kundi hili ndilo lililokosekana tangu siku ya kwanza. Kama IL-1 beta yao iko juu sawasawa na ya wenye soriasisi, basi ngozi haina usemi kwenye kipimo hiki na tunakiacha kwa heshima. Kama wenye soriasisi bado wako juu ukishalinganisha fizi kwa fizi, hapo kuna jambo.

Daktari wa meno amekubali kushirikiana. Anapita na kale kachuma kenye alama za milimita, sehemu 6 kila jino, anaandika kina cha mfuko ulio kati ya fizi na jino na kama imetoka damu. Mfuko wa milimita 4 kwenda juu tunauhesabu. Ila mate yachukuliwe KABLA ya kachuma, siyo baada, nimeliandika kwa kalamu nyekundu na kulibandika mlangoni.

Wiki ya 9

Nimefanya kazi ambayo ilitakiwa ifanyike wiki ya 2, na sitafuti wa kumlaumu. Kits za elaiza zimetengenezwa kwa ajili ya damu, mate ni kitu kingine, yana utelezi, yana vimeng'enya vinavyotafuna protini. Unachukua mate, unamwagia kiasi cha saitokini unachokijua, unapima, unaangalia umerudishiwa ngapi. Inayokubalika ni asilimia 80 mpaka 120.

IL-1 beta imerudi vizuri. IL-17 imerudi chini ya nusu. Chini ya nusu! Kwa hiyo ule ukimya wa wiki ya 4 haukuwa ukimya wa mgonjwa peke yake, sisi tulikuwa na masikio mabovu pia. Tumejaribu kuyapunguza makali kwa maji ya kipimo mara mbili, mara nne, na kuweka kizuia vimeng'enya kwenye tyubu kabla mtu hajatema. Mara nne pamoja na kizuizi inarudi ndani ya mstari, lakini ukipunguza mara nne kitu ambacho tayari ni kidogo unakisukuma chini zaidi ya kusomeka. Tunaulizia kits zenye mstari wa chini zaidi. Bei yake imemfanya bosi avue miwani.

Wiki ya 10

Lebo za tyubu 11 zimebanduka kwenye friza. Tumezitambua 9 kwa uzito tulioandika, mzani oyee. 2 zimetupwa.

Wiki ya 11

Daktari wa meno alikuwa na nafasi jioni nikakaa kwenye kiti, sampuli 00 nayo ina haki. Nilikuwa na uhakika. Napiga mswaki mara mbili, sina jino linalouma.

Anaita namba, msaidizi anaandika, mbili, tatu, mbili, mbili, tatu. Nikawa nasinzia. Alipofika magego ya chini kulia, ya nyuma kabisa: tano. Tano. Damu. Sita. Damu. Nikafumbua macho. Akanipa kioo nikaona kamstari kekundu kanatiririka pembeni ya gego ambalo sijawahi hata kulifikiria.

Ile IL-1 beta yangu ya tatu kutoka juu, niliyoitolea hadithi nzima ya kiwiko changu cha kushoto kilichokuwa kimewaka wiki ile, inawezekana kabisa ilikuwa ya gego.

Wiki hii kanisafisha, kakwangua mpaka chini ya fizi. Tumeamua nitoe mate kila Jumatatu kwa wiki 8, saa ileile, dakika 30 baada ya kuamka, sijapaka kitu, na kila Jumatatu napiga picha viwiko vyote viwili chini ya taa ileile. Fizi itatulia ndani ya hizo wiki. Kiwiko sijui, hakina ratiba. Dada fundi kasema mtu mmoja siyo utafiti, nikamwambia najua dada, ni udadisi tu, akasema haya, na akanitengea boksi langu dogo kwenye friza lenye jina "00, gego".

Wiki ya 12

Kundi la tatu wameanza kuingia, saba mpaka leo. Watu wenye fizi mbovu na ngozi safi ni wagumu kuwapata kuliko nilivyodhani, siyo kwa uchache wao, ila ukimwita mtu kwenye utafiti wa ngozi na ngozi yake haina kitu anaona umemkosea namba. Mzee mmoja aligeuza mikono juu chini akanionesha: "Mwanangu, tazama, sina kitu." Nikamwambia shikamoo mzee, ndo maana tunakutaka wewe.

Transferini sasa inapimwa kwa kila sampuli kabla haijaenda kwenye elaiza. Iliyozidi mpaka tuliouweka hatuitupi, inawekewa alama na mtu anaombwa nyingine siku ya tatu. Wapimaji wa PASI wanaendelea kutokubaliana kuhusu rangi, tumeanza kuhesabu unene na magamba peke yake pembeni, kama safu ya ziada, tuone ipi inashikana na mate.

Sahani inayofuata ni Alhamisi: soriasisi 20, fizi tupu 7, safi 10, na visima viwili vya kona ya chini ni vya gego.